Siku nne, pwani kwa miguu na msitu kwa baiskeli: kipi kianze?

Swali: Mimi na mke wangu tumepata siku nne za mapumziko, na tumeamua zisiwe za kulala hotelini. Tunataka kutembea kwenye njia za kando ya bahari na kuendesha baiskeli msituni. Mimi ni mtu wa kutembea, baiskeli nimeipanda mara chache. Mke wangu ni mwendeshaji mzuri, ila wa barabara ya lami. Tumebishana: mimi nataka siku mbili za mwanzo ziwe za pwani na mbili za mwisho ziwe za msitu, yeye anataka kinyume chake. Nani yuko sahihi? Na katika wiki sita zilizobaki tujiandae vipi?

Jibu: Ndugu yangu, kati yako na shemeji, yeye amekaribia zaidi, ingawa sidhani ni kwa sababu aliyokuwa nayo. Lakini anayepanga ratiba ya namna hii hasa ni bahari. Msitu utawasubiri, mkifika asubuhi au alasiri njia zake ni zile zile. Pwani haina subira hiyo. Kipande ulichokipita mguu mkavu saa nne asubuhi, saa kumi jioni kinaweza kuwa na maji ya kukufika kifuani. Kwa hiyo acheni kwanza kugawana siku mbilimbili. Tafuteni jedwali la kupwa na kujaa la mahali mnapokwenda, mchague saa za pwani, kisha msitu uchukue nafasi zitakazobaki.

Tuanze basi na maji, maana hapo ndipo mipango mingi huharibika. Katika pwani nyingi duniani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kujaa kwingine hupita kama saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana saa ya kupwa husogea mbele kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku ya kwanza yakipwa saa nne asubuhi, siku ya nne yatapwa karibu na saa sita na nusu mchana. Hiyo ni tofauti ya saa mbili na nusu ndani ya safari fupi kama yenu, na inatosha kuyatoa matembezi kwenye ubaridi wa asubuhi na kuyatupa kwenye jua la utosi.

Halafu kuna mwezi. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo huja bamvua: maji hupwa mbali sana na kujaa juu sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu. Bamvua huwafungulia watembeaji fukwe na miamba ambayo siku nyingine imefunikwa, lakini ndiyo hiyo hiyo inayorudi kwa kasi. Jambo moja ambalo wageni wengi wa pwani hawalijui: mahali pamoja, bamvua hupwa karibu saa ile ile mwezi baada ya mwezi. Kama jedwali linaonyesha kwamba huko mnakokwenda kupwa kwa bamvua ni katikati ya asubuhi, mwezi ujao pia itakuwa hivyo. Kwa mtu mwenye uhuru wa kuchagua tarehe, hilo ni jambo la kulishika.

Ukubwa wa tofauti unategemea mahali. Ghuba ya Fundy huko Canada, kati ya kupwa na kujaa kunaweza kuwa na mita 16. Sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania tofauti haifiki hata mita moja. Kama mnakwenda mahali kama pa pili, nusu ya ninayoyasema hapa yapunguzeni uzito. Kama ni mahali kama pa kwanza, yaongezeeni.

Mabaharia wana kanuni ya zamani ya kuyagawa maji mafungu 12. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita hivi: saa ya kwanza hupanda fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Yaani nusu ya maji yote huingia katika saa mbili za katikati. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 4, katika kila moja ya saa hizo mbili bahari hupanda mita nzima. Hapo ndipo watu hudanganyika. Wanaona saa ya kwanza maji yakinyemelea polepole, wanadhani mwendo utabaki huo, wanaendelea kuokota makombe. Walipopita wanapoangalia tena, rasi imeshalowa.

Basi sehemu yoyote ya chini, iwe ni ufukwe ulio chini ya genge, rasi ya kuzunguka kwa miguu au mlango wa mto wa kuvuka, ingieni maji yakiwa bado yanashuka, saa mbili hivi kabla hayajapwa kabisa. Mkichelewa mna akiba. Mkikwama, bahari inawapisha badala ya kuwafuata. Kwenye Njia ya Otter huko Tsitsikamma, Afrika Kusini, inayotembewa kwa siku tano, siku ya nne kuna mto Bloukrans wa kuvuka pale unapoingia baharini, na watu huondoka kambini kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kupwa, hata ikibidi kuanza safari gizani. Kwenu huenda hakuna mto wa namna hiyo, lakini hesabu ni ile ile: mnaanza na saa ya kufika mahali pagumu, mnatoa muda wa kutembea hadi hapo, ndipo mnapata saa ya kuamka.

Mambo mawili kuhusu jedwali lenyewe. Angalieni limeandikwa kwa saa gani, maana baadhi ya majedwali hayahesabu ile saa moja inayosogezwa majira ya kiangazi katika nchi zenye utaratibu huo. Na kumbukeni kwamba jedwali linajua mwezi na jua, halijui hali ya hewa. Upepo mkali unaovuma kutoka baharini huyasukuma maji kuelekea nchi kavu, na mgandamizo wa hewa ukishuka hektopaskali 1, bahari hupanda kama sentimita 1. Siku ya dhoruba, maji yanaweza kufika juu kuliko yalivyoandikwa, na mapema zaidi. Vilevile kuna mawimbi marefu yanayozaliwa na dhoruba ya mbali sana. Kwenu mbingu ni safi, na bado linatokea wimbi moja linalopanda mwamba ambao umekuwa mkavu kwa nusu saa. Msikae mkiipa bahari mgongo, hata kwa ajili ya picha.

Sasa njia zenyewe. Wewe ni mtembeaji, kwa hiyo nitakuonya juu ya jambo ambalo watembeaji hulidharau: bahari ni tambarare, njia ya kando yake siyo. Kila kijito kinachoingia baharini kimechimba bonde, na njia hushuka hadi mdomoni mwake kisha hupanda tena upande wa pili, mara kumi kwa siku. South West Coast Path ya Uingereza ina urefu wa kilomita 1,014, na ukijumlisha mipando yake yote unapata kama mita 35,000, yaani karibu mara nne ya kupanda Everest kutoka usawa wa bahari. Wastani wake ni kama mita 35 za kupanda kwa kila kilomita. Kwa siku ya kilomita 15, ni zaidi ya mita 500.

Mskoti William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 15 zenye mita 500 za mpando ni kama saa tatu na dakika 50. Kanuni hiyo haina mapumziko, haina picha, haina mtu wa kukaa chini kutoa mchanga kwenye viatu. Mimi huongeza theluthi moja kwa watu wawili wanaotembea kwa raha, hivyo kilomita 15 zinakuwa saa tano na kidogo. Ukiweka hesabu hiyo juu ya jedwali la maji, utaona mara moja kama siku inawezekana au la.

Kilomita za mchanga ni ndefu kuliko zinavyoonekana kwenye ramani. Watafiti wa Ubelgiji walipima jambo hilo na kuchapisha matokeo mwaka 1998: kwa mwendo ule ule, kutembea mchangani kulitumia nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea kwenye ardhi ngumu. Kwa hiyo kilomita 3 za mchanga mlaini zihesabuni kama 6 hadi 8. Ponea ni mchanga uliolowa karibu na maji, ule ulioshikana, ambao nao hupatikana tu maji yakiwa yamepwa. Hata huo una hila yake: ufukwe umeinama kuelekea baharini, mguu mmoja uko juu na mwingine chini kwa saa nzima, na nyonga huanza kulalamika. Kila mnapopata njia juu ya genge, ipandeni kwa muda.

Nimesema shemeji amekaribia zaidi. Sababu iko kwenye mapaja. Unapotembea mteremko, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavuta huku inanyooshwa. Kazi ya namna hiyo huichanachana kwa ndani, machubuko madogomadogo yanayoleta yale maumivu yasiyotokea siku ile ile bali huanza kesho yake na kufika kileleni kati ya saa 24 na 72. Kukanyaga pedali ni kinyume. Misuli hujikunja tu. Jioni umechoka, umekwisha, lakini asubuhi unaamka na miguu yako. Ukianza na siku mbili za mabonde ya pwani, siku ya tatu mtapanda baiskeli mapaja yakiwa katika kilele cha maumivu. Na mteremko wa msituni hauendeshwi mtu akiwa ameketi. Unasimama juu ya pedali, magoti yamekunjwa, mapaja yanabeba uzito wote kwa dakika kadhaa mfululizo. Mapaja yanayotetemeka hapo huleta mwereka.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Siku ya kwanza, mkishafika, matembezi mafupi ya pwani, saa mbili hivi, sehemu isiyo na hatari ya maji, ili muijue ardhi na mfanye majaribio ya viatu. Siku ya pili, msitu mchana kutwa. Siku ya tatu, pwani ndefu, ile mliyoiota. Siku ya nne, mapaja yameanza kulia, basi baiskeli kwenye njia pana na nyepesi ya msituni, saa moja na nusu hivi, gia laini, mkanyage bila kulazimisha. Mzunguko mwepesi wa miguu unasaidia zaidi kuliko kukaa kwenye gari mara moja mkiwa mmekakamaa. Iwapo maji yanakataa, yaani siku ya tatu kupwa kunaangukia alfajiri au usiku, sogezeni safari nzima kwa siku tatu nne kabla hamjabadilisha mpangilio. Siku tatu tu zinasogeza kupwa kwa saa mbili na nusu.

Kuhusu wiki sita: zinatosha, ila kila mmoja ajiandae kwa kile asichokizoea. Hili ndilo watu hawalifanyi. Mwendesha baiskeli huongeza baiskeli, mtembeaji huongeza matembezi, halafu wote wawili wanashangaa.

Shemeji ana moyo na mapafu ya kukuacha kwenye kila mpando. Mapaja yake lakini hayajui kushuka. Anaweza kupanda genge akiimba, kesho yake akashuka ngazi ameshikilia ukuta. Dawa yake ni kushuka: ngazi za jengo refu au kilima chochote, mara mbili kwa wiki, aanze na dakika kumi za mteremko na kuongeza taratibu, wiki ya tatu au ya nne aongeze begi mgongoni. Misuli ikishapata kipigo cha namna hiyo mara moja, kipigo cha pili hukivumilia vizuri zaidi, na kinga hiyo hukaa kwa wiki kadhaa. Zoezi la mwisho gumu liwe angalau wiki moja kabla ya safari. Avae pia viatu atakavyotembelea, maana nyayo za mwendesha baiskeli ni laini. Malengelenge hayaangalii nguvu za mtu.

Wewe unahitaji saa za kukaa kwenye siti. Mara tatu kwa wiki, uanze na dakika 40, ufike saa mbili. Matako huzoea, lakini hayazoei kwa siku moja, na hakuna suruali yenye sponji inayoweza kufidia mazoezi ambayo hayakufanyika. Ukiwa unaendesha, tafuta uwanja wa nyasi au barabara ya vumbi ujifunze mambo mawili tu: kusimama juu ya pedali zikiwa usawa mmoja, na kufunga breki bila hofu. Wiki ya tano, jitahidini kupata siku mbili zinazofuatana, baiskeli ndefu leo na matembezi marefu kesho, mkiwa na mizigo ile ile. Hapo ndipo mtajua nani anahitaji soksi nyingine na begi la nani linakwangua mgongo. Wiki ya sita pumzikeni zaidi ya mnavyotaka.

Tuje kwenye baiskeli yenyewe, na hapa mkeo, pamoja na uzoefu wake wote, ana mengi ya kuacha nyumbani. La kwanza ni upepo wa tairi. Mtu wa lami hujaza psi 80 au zaidi na kujivunia tairi ngumu. Msituni tairi ngumu inaruka kwenye kila mzizi na kukunyima mshiko. Kwa tairi pana ya inchi 2.3 isiyotumia tyubu na mtu wa kilo 70 hivi, psi 22 hadi 28 zinafaa. Kama kuna tyubu ndani, ongezeni kidogo, kwa sababu tairi laini ikigonga jiwe hubana tyubu kwenye rimu na kuitoboa matundu mawili pembeni pembeni. Anayekodisha baiskeli kwa kawaida hujaza zaidi ili arudishiwe bila pancha. Punguzeni wenyewe.

La pili ni namna ya kukaa. Barabarani mwili umetulia na baiskeli imetulia chini yake. Msituni baiskeli lazima icheze chini ya mwili uliotulia: siti imeshushwa, viwiko vimefunguliwa nje, kifua chini, uzito uko miguuni wala si mikononi. Ukiona vidole vimekufa ganzi baada ya nusu saa, ujue unaning'inia kwenye usukani. Macho yaangalie mita nyingi mbele, pale unapotaka kwenda. Ukiukodolea macho mti, utaufuata mti.

Breki ndiyo sehemu ninayoichukulia kwa uzito kuliko zote. Breki ya mbele ina nguvu zaidi, na watu huiogopa kwa sababu hiyo, kisha wanateleza na ya nyuma kilima kizima, wanachimba mfereji njiani na bado hawasimami. Tumieni zote mbili, kidole kimoja au viwili, mbano wa kuongezeka polepole. Punguzeni mwendo kabla ya kona, mahali pana mshiko. Ndani ya kona iacheni baiskeli izunguke. Juu ya mizizi iliyolowa, msiguse breki na msikate kona: ivukeni mizizi kwa pembe mraba, tairi ikiwa imenyooka, mwendo wa wastani. Na kabla ya kupanda baiskeli ya kukodi, bonyezeni kila breki mjue ipi ni ya mbele. Uingereza breki ya mbele huwa mkono wa kulia. Marekani na sehemu kubwa ya Ulaya bara huwa kushoto. Kosa hilo hujulikana ukiwa tayari uko kwenye mteremko.

La mwisho kwa shemeji: asahau mwendo wake wa lami. Mtu wa kilomita 25 kwa saa barabarani atakwenda 10, pengine 8, kwenye njia nyembamba yenye mizizi na kona. Kilomita 20 za msitu ni saa mbili au zaidi za kukanyaga, na kwa watu wawili wenye uwezo tofauti zihesabuni nusu siku.

Njia za msituni zilizotengenezwa kwa ajili ya baiskeli huwa zimepewa rangi. Uingereza wanapanda kutoka kijani, buluu, nyekundu hadi nyeusi. Marekani nyekundu kwa kawaida haipo, ukitoka buluu unaingia nyeusi, kwa hiyo usidhani rangi ya huku ni ile ya kule. Anzeni na kijani, wote wawili, hata kama shemeji ataona ni njia ya watoto. Asubuhi ikienda vizuri ingieni buluu. Nyekundu iachwe kwa safari nyingine. Kwenye njia za pamoja, mwenye baiskeli humpisha mwenye miguu, na wote humpisha farasi. Kwa farasi simameni kabisa, muongee ili mnyama ajue kwamba hicho kitu ni binadamu. Mkikuta kibao cha njia kufungwa kwa sababu ya ukataji miti, kina maana yake, na magogo yaliyopangwa kando si ya kupandwa kwa picha, hayajafungwa na chochote.

Kuna njia moja ya kuunganisha pwani na msitu ambayo naipenda kuliko kuzitenga, kama ramani yenu inaruhusu. Matembezi ya pwani yana tatizo la kurudi: ukienda kilomita 12 mbele, gari liko nyuma. Asubuhi pitieni mwisho wa matembezi, mfungie baiskeli hapo kwa kufuli la kuaminika, kisha rudini na gari mwanzo wa njia. Mnatembea upande mmoja, bahari ikiwa mpya muda wote, na mkifika mnarudi kwa baiskeli kupitia msituni, ndani ya kivuli, njia iliyo fupi kwa kuwa haifuati kila rasi. Fanyeni hivyo siku ya tatu ikiwa njia ya kurudi ni pana na tulivu. Kama ni nyembamba yenye miteremko mikali, acheni, mapaja yatakuwa yameshatumika. Kwa mpango huo pedali ziwe za bapa, si zile za kubana kiatu, ili jozi moja ya viatu ifanye kazi zote mbili. Shemeji atanung'unika. Kwenye mizizi, siku ya kwanza ya msitu, atafurahi kwamba mguu unatoka upesi.

Chagueni pia upande wa kutembea kwa kuangalia upepo. Nchi kavu ikipata joto kuliko bahari, upepo huanza kuingia kutoka baharini kabla ya mchana na kuwa mkali zaidi alasiri. Kama unavuma kwa kufuata njia, saa za mwisho ziwe na upepo mgongoni. Ubaridi wake usiwahadae kuhusu jua: mchanga hurudisha kama asilimia 15 ya miale inayochoma ngozi, na povu la mawimbi kama asilimia 25, kwa hiyo mtu huungua chini ya kidevu na ndani ya pua akiwa amevaa kofia. Siku ya joto kali pwani iwe asubuhi na msitu mchana. Siku ya upepo mkali sana usiende popote kati ya hizo mbili: ukingo wa genge unasukuma mtu, na msituni matawi makavu huanguka bila taarifa. Siku hiyo tembeeni kwenye uwazi, mbali na ukingo, au lalani.

Maji ya kunywa yafuate kiu, mkianzia na nusu lita kwa saa wakati wa joto. Kijito kilicho karibu na bahari mara nyingi kina chumvi, msikitegemee. Chakula kila saa, kidogokidogo, hasa vyenye wanga: gramu 30 hadi 60 kwa saa zinatosha, na muanze kabla ya njaa kuja.

Chumvi na mchanga huiua baiskeli haraka. Msiendeshe kwenye ufukwe, hata ule mgumu unaovutia. Kila jioni imwagieni maji baridi yasiyo na msukumo mkubwa, ili yasiingie kwenye beringi, kausheni mnyororo kwa kitambaa kisha mtie mafuta, mkiangalia yasirukie diski za breki. Begini kuwe na tyubu ya akiba, pampu, vyuma vya kutolea tairi, kiungo cha kuunga mnyororo na kile kifaa kidogo chenye bisibisi nyingi. Nyumbani mjifunze kuvitumia, kila mmoja kwa mikono yake mwenyewe.

Simu hupotea mtandao chini ya magenge na mabondeni, basi pakueni ramani kabla, mwe na betri ya akiba na filimbi. Milio sita ndani ya dakika moja, kisha dakika ya kimya, halafu tena, ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika milimani katika nchi nyingi. Anayejibu hupuliza mara tatu. Mtu aliye bara aachiwe karatasi yenye njia mliyochagua na saa ambayo, msipopiga simu, ataanza kuwatafuta. Na helmeti iliyogonga chini kwa nguvu siku ya pili isivaliwe siku ya nne, hata kama haina ufa unaoonekana.

Kama mnakodi baiskeli, ziwekeeni nafasi mapema na mtoe vipimo vya urefu wenu, kisha fikeni jioni ya kuamkia siku ya pili mzijaribu kwa robo saa. Kubadilisha baiskeli isiyowafaa jioni ni rahisi. Asubuhi kundi lingine litakuwa limeshachukua zilizobaki.